Siri ya mgonjwa iko mikononi mwa mhudumu: namna ya kuitunza wodini

Mgonjwa anaweza kulazwa wiki nzima, daktari akasimama kitandani kwake dakika chache tu kila asubuhi wakati wa raundi. Wewe mhudumu wa afya ndiye unayemwogesha, unayembadilishia shuka, unayemwekea chombo cha haja, unayepeleka damu yake maabara na kurudi na majibu. Unajua mengi ambayo hata mumewe hayajui. Mimi nimefanya kazi hii kwa miaka mingi katika wodi ya wanawake ya hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, na wahudumu wapya wakiletwa kwangu, hili ndilo ninalowafundisha kwanza, kabla hata ya kutandika kitanda. Siri nyingi za wagonjwa hutoka bila umbea wowote: fomu imeshikwa vibaya, swali limeulizwa kwa sauti, pazia limeachwa nusu.

Anza na mwili. Ukitaka kumwogesha mgonjwa kitandani, kusanya kila kitu kabla hujagusa shuka: mabeseni mawili, maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo, vitambaa viwili, khanga ya kumfunika na nguo safi. Anayesahau sabuni atamwacha mama wa watu wazi huku akiikimbilia. Vuta pazia au sogeza skrini mpaka mwisho. Skrini hazitoshi katika wodi nyingi, kwa hiyo mwombe ndugu wa kike, yule ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali, ashike khanga pembeni akiwa amegeuza uso. Kisha funua kiungo kimoja tu. Osha, kausha, funika, ndipo uende kingine. Ukifika sehemu za siri, uliza kwa sauti ya chini: "Mama, utajiosha mwenyewe au nikusaidie?" Akiweza, mpe kitambaa na umgeuzie mgongo. Aliyepoteza fahamu naye afunikwe vivyo hivyo, na umwambie unachofanya kana kwamba anakusikia. Mgonjwa wa kiume aulizwe kama angependelea kaka wa zamu, hasa pale anapotunzwa mpira wa mkojo. Wazee wengi hawatasema wenyewe. Watakaa kimya na kuumia.

Sauti ndiyo inayotushinda wengi. Vitanda vimekaribiana, na saa za kuona wagonjwa kila kitanda kina watu watano. Usimwulize mtu kutoka mlangoni kama amepata choo, kama damu bado inatoka, kama dawa zake za usiku amemeza. Nenda mpaka kichwani kwake, inama, uliza. Kwenye kukabidhiana zamu mkipita kitanda kwa kitanda, jina la ugonjwa lisemwe mezani kwa wauguzi. Kitandani semeni yale tu ambayo jirani akiyasikia hayamdhuru mgonjwa. Msichana aliyeletwa mimba ikiwa imeharibika, na pengine ana sare ya shule kwenye begi lake, hahitaji wodi nzima ijue kilichomleta.

Karatasi nazo zina mdomo. Fomu ya maabara ina jina juu na kipimo chini. Ukiibeba, ikunje maandishi yawe ndani, na sampuli iwe kwenye chombo chenye kifuniko. Usiibebe mkononi huku ukisalimiana na watu kwenye korido. Faili halikai kitandani wala juu ya stuli. Linarudi mezani kwa muuguzi. Mgonjwa anayehisiwa kifua kikuu, anapopewa kikopo cha makohozi, mwelekeze mahali pa wazi nje, penye hewa na mbali na watu, akakohoe huko. Hilo linawalinda wenzake na linamlinda yeye na macho ya watu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo dogo kama hili. Unasafisha kabati dogo la pembeni mwa kitanda. Chini ya kitenge kilichokunjwa kuna kichupa cheupe cha vidonge, lebo imebanduliwa, na ndani kimejazwa pamba ili kisilie. Wengi wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya hivyo, maana mlio wa vidonge kwenye kichupa unajulikana mitaani. Usikitoe ukakiweka juu, usikigeuze, usiulize "hii ni nini?" Safisha pembeni yake, rudisha kitenge kama kilivyokuwa. Kadi ya kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita kadi ya CTC, nayo iwe hivyo hivyo: ukiikuta imedondoka, iinue upande wa maandishi ukiwa chini, mpe mwenyewe mkononi. Usimpe wifi yake aliyekaa pale, hata kama ndiye anayemletea uji kila siku. Kama kwa usalama wa matibabu muuguzi anatakiwa kujua kuwa mgonjwa ana dawa alizokuja nazo, mwambie muuguzi pembeni, naye atakwenda kuongea na mgonjwa faragha.

Halafu kuna ndugu. Saa sita mchana geti likifunguliwa, mama mkwe ataingia na hotipoti, atakuita nesi hata kama sare yako ni ya mhudumu, na atauliza: "Hivi mkwe wangu anaumwa nini?" Wahudumu wapya hujibu, "Siruhusiwi kusema, hayo ni mambo makubwa." Hapo tayari wamesema. Mama huyo ataondoka na "mambo makubwa" mpaka nyumbani, na kabla ya magharibi ukoo mzima umeshapanga jibu lake.

Mimi hujibu hivi: "Shikamoo mama, pole na kuuguza. Habari za ugonjwa mwenyewe ndiye atakayekueleza. Mkitaka daktari aongee nanyi na mgonjwa akiridhia, nitamwambia muuguzi awapangie." Kama mgonjwa hana pingamizi, naongeza kwamba uji ameunywa. Maneno ni hayo hayo kwa kila ndugu na kwa kila ugonjwa, hata ukiwa ni malaria ya kawaida. Ukisema waziwazi "ni malaria tu" kwa kitanda cha tatu, kisha ukanyamaza kwa kitanda cha nne, kimya chako kimemtangaza wa kitanda cha nne. Jizoeze kulitamka jibu lako mpaka litoke bila kusitasita, kwa uso ule ule. Anayepiga simu akidai ni kaka wa mgonjwa naye apewe hilo hilo, kwani kwenye simu hujui unaongea na nani.

Huku kwetu kuna kazi nyingine isiyoandikwa popote: kutafsiri. Bibi ameletwa kutoka kijijini, anajua Kisukuma tu, daktari ni mgeni wa mkoa. Wepesi ni kumwita mjukuu wake atafsiri, na bibi huyo hatasema mbele ya mjukuu kwamba mkojo unamtoka au kwamba ana uvimbe ukeni. Ukiijua lugha, jitolee wewe, baada ya bibi kukubali. Kaa karibu naye, tafsiri kila neno kama lilivyosemwa, usipunguze lile la aibu wala usiongeze maoni yako, na usimjibie. Mkitoka hapo, uliyoyasikia si mazungumzo ya chumba cha chai. Kama bibi ni wa kijiji chenu, mwambie mwenyewe waziwazi kwamba hutayafikisha huko. Utaona mabega yake yanavyoshuka.

Simu ibaki mfukoni. Usipige picha ya kidonda, ya mtoto aliyezaliwa na kasoro, wala ya mwenzako wodini huku kitanda cha mtu kikionekana nyuma yake. Kwenye grupu la WhatsApp la zamu andika nani anaingia saa ngapi. Majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo hayana nafasi humo. Kuficha jina hakutoshi pia. "Mke wa yule mwenye duka la pembejeo" ni jina kamili katika mji mdogo.

Mtaani, ukikutana na uliyemhudumia, ngoja akusalimie kwanza. Akikupita kama hakujui, mpite. Akikuchangamkia mbele ya watu, mwitikie salamu na umwulize habari za nyumbani, usimwulize anaendeleaje. Aliyefariki naye ana haki hiyo. Msibani watakuuliza kilichomwondoa, wakijua ulikuwa zamu. Toa pole yako na ukae na wafiwa.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamfunga kila anayeshika taarifa za mgonjwa, si daktari peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Ziulizie ofisini kwenu, na usome kiapo au mkataba uliosaini.

Yapo yasiyopaswa kubaki kwako. Mgonjwa akikushika mkono na kusema, "Nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu," usikubali kabla hujasikia. Mwambie: "Nitakutunzia, ila likihusu usalama wako, au wa mtoto, nitamwambia muuguzi tu." Akisema anafikiria kujidhuru, anapigwa nyumbani, amekunywa dawa ya kienyeji tangu jana, au mtoto ana alama za kuumizwa, nenda kwa muuguzi wa zamu saa hiyo hiyo. Mwambie yeye, katika chumba kilichofungwa, basi. Kumfikishia anayetibu ni sehemu ya matibabu.

Na ukijua kwamba siri imeshavuja, iwe kwa fomu iliyookotwa kwenye korido au kwa mwenzako aliyeropoka, usianze kuzunguka kuwanyamazisha watu, maana utaieneza zaidi. Okota karatasi, mpelekee muuguzi kiongozi wa wodi, eleza uliyoyaona bila kuongeza chumvi. Mgonjwa anapaswa kuambiwa na kiongozi huyo, faragha, mapema, kabla hajasikia kwa jirani wa kitanda. Wewe rudi kwake na beseni lako la maji kama kawaida, uendelee kumhudumia.