SOMO: Katuni ya shujaa wa kike, kuanzia wazo hadi kijitabu cha kurasa 16

Wadau, salaam. Wengi mnauliza kama mtu anaweza kutoa katuni ya shujaa bila kampuni yoyote nyuma yake. Anaweza. Deena Mohamed wa Misri alikuwa na miaka 18 alipoanza kumweka mtandaoni Qahera, mwaka 2013: shujaa mvaa hijabu anayewakabili wanaume wanaosumbua wanawake mitaani Cairo. Hakusubiri mchapishaji. Nendeni taratibu, hasa hatua ya pili.

Hatua ya 1: Vifaa. Penseli, karatasi za A4, kalamu ya wino mweusi, skana. Mwenye kompyuta atumie Krita, ni programu ya bure.

Hatua ya 2: Mjue kabla hujamchora. Anataka nini? Nani anamzuia? Akitumia nguvu zake, anapoteza nini? Swali la tatu ndilo tunalolikwepa. Shujaa anayeshinda bila kulipa chochote humchosha msomaji mapema.

Kisha jaribu kumtoa kwenye hadithi. Mambo yakienda vilevile bila yeye, basi ni pambo, hata umpe misuli na upanga. Katuni nyingi huangukia hapa: dada anapigana, lakini kila uamuzi mzito unatoka kwa kaka yake au mchumba. Uamuzi wa mwisho uwe wake, na lawama zake azibebe mwenyewe.

Kuhusu nguvu, si lazima aruke angani. Mtazameni Mekatilili wa Menza, mwanamke wa pwani ya Kenya. Mwaka 1913 aliwainua Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza kwa ngoma ya kifudu na viapo. Watu walivutwa na ngoma, wakaishia kula kiapo. Nguvu ya kuwasimamisha watu inachoreka vizuri sana: fremu (kisanduku cha picha) ya kwanza yuko peke yake, ya pili wako watano, ya tatu uwanja umejaa hadi ukingoni.

Hatua ya 3: Vazi. Mchore akikimbia, akichuchumaa, akipanda ukuta. Vazi likimzuia, libadilishe. Hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kimijikenda, inafaa mno: akigeuka inafunguka, na msomaji anaiona kasi bila wewe kujaza mistari. Visigino virefu na kifua wazi kwa mpiganaji siafiki kabisa. Hapo umemvalisha kwa ajili ya mtazamaji, si kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Kurasa. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 4, kwa hiyo idadi igawanyike kwa 4. Karatasi 4 za A4 zinakupa kijitabu cha A5 chenye kurasa 16. Anza na hizo, ile hadithi ndefu ya vizazi saba ingoje. Panga kwanza kila ukurasa kwa mchoro mdogo wa ukubwa wa kiganja. Tukio la kushtua liwe kwenye ukurasa wa namba shufwa, kwa sababu huo uko kushoto na msomaji hauoni mpaka afunue.

Hatua ya 5: Maneno. Vitenzi vyetu ni virefu. “Hawatatunyamazisha” haliingii kwenye kiputo chembamba, yaani kile kiduara cha maneno ya mhusika. Andika maneno kwanza, kisha yazungushie kiputo kipana. Ukilazimika kulikata neno, kata mwisho wa silabi.

Hatua ya 6: Kuchapa. Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi, ili picha itoke safi) na uache milimita 3 za ziada kila upande, zitakatwa. Toleo la kwanza liwe jeusi na jeupe. Rangi hula fedha.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamume, naruhusiwa kuandika shujaa wa kike?

*Jibu:* Marahaba. Andika. Roye Okupe wa Nigeria ni mwanamume, na Malika, shujaa wa katuni yake, ni malkia anayeongoza majeshi. Ila mpe mswada dada yako au mkeo, umuulize wapi yeye angefanya tofauti. Akijibu, usijitetee, chukua kalamu uandike.

Mombasa: Mwalimu, nikiiweka mtandaoni si wataniibia?

*Jibu:* Hakimiliki ni yako tangu ulipoichora. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwenu Kenya, kunakupa ushahidi. Weka mtandaoni picha ndogo, zile za dpi 300 baki nazo.

Bukavu: Mimi naandika, rafiki yangu anachora. Tugawane vipi?

*Jibu:* Andikianeni kabla ya ukurasa wa kwanza: shujaa ni wa nani, mapato yanagawanywaje, na mmoja akijitoa, mwenzake anaruhusiwa kuendelea na shujaa huyo? Jueni pia kwamba kuchora ukurasa mmoja hula muda mrefu kuliko kuuandika. Mchoraji asipunjwe. Wekeni saini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala.