Kutoka Uwanjani Hadi Kwenye Filamu: Mwongozo kwa Wachezaji wa Unguja na Pemba

Mchezaji anayekaribia kutundika daluga na kutamani uigizaji aanze kwa kumchunguza Aldo Sambrell, Mhispania aliyezaliwa Madrid mwaka 1931, ambaye alisakata kandanda la kulipwa nchini Meksiko na Hispania kabla ya kuonekana katika filamu zaidi ya 100, zikiwamo za mwongozaji Mwitaliano Sergio Leone zilizopigwa Almería, kusini mwa Hispania. Mara nyingi alipewa nafasi ya jambazi, wala hakudharau nafasi ndogo, nawe usizidharau.

Anza na kile ambacho mwili wako unakijua tayari, yaani kukimbia, kuanguka na kugeuka ghafla. Ugumu uko hapa: uwanjani kila mwendo ni mpya, ilhali mbele ya kamera utatakiwa kurudia mwendo uleule mara nyingi, na kusimama pale pale palipowekwa alama bila kuitazama. Baada ya Alasiri, maji yakiwa yametoka, chora mstari mchangani, rudi nyuma hatua kumi, kimbia, kisha usimame juu yake macho yakiwa mbele, huku mwenzako akikurekodi kwa simu. Utashangaa unavyoinamisha kichwa.

Sauti nayo ifanyiwe kazi kila siku kwa kusoma kwa kunena, na lahaja yako, iwe Kimakunduchi au Kipemba, usiifiche, kwani ni mali adimu.

Halafu hudhuria tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanza mwaka 1998, ukajitambulishe kwa waongozaji.