Geuza Boksi: Jinsi ya Kuipima Krimu ya Maumivu Kabla na Baada ya Kuinunua

Watu wengi huchagua dawa ya kuchua kwa pua na ngozi. Ikinuka kali na kuunguza, hiyo ndiyo dawa. Isiponukia wala kuwasha, inarudishwa kwenye rafu. Mimi ni mfamasia, na hakuna jambo ninalolieleza mara nyingi kaunta kuliko hili: ukali wa harufu na joto haukuambii kama dawa inatibu. Jeli yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi kwa kifundo kilichoteguka haichomi kabisa. Kinachokuambia ukweli ni jina la kiambato, asilimia yake, na aina ya maumivu uliyonayo.

Hatua ya 1: Anza na upande wa nyuma

Upande wa mbele wa boksi ni kazi ya watu wa mauzo. "Nguvu maradufu", "hupenya haraka", "ya asili": maneno hayo hayana kipimo. Geuza boksi utafute viambato hai. Kila kimoja kinatakiwa kiandikwe jina na asilimia. Chini yake huja orodha ndefu ya viambato visivyo hai, yaani maji, mafuta, alkoholi, manukato na vitu vya kuifanya krimu iwe nzito.

Hapo ndipo mnunuzi hupoteza fedha. Utakuta glukosamini, manjano au shubiri vimeandikwa kwa herufi kubwa mbele, ila nyuma vimepangwa pamoja na maji na manukato, bila asilimia yoyote. Maana yake, mtengenezaji mwenyewe hadai kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyotuliza maumivu. Usivilipie. Na kama boksi halina viambato hai wala asilimia popote, liache dukani, hata kama jirani yako analisifu.

Hatua ya 2: Tambua kundi la kiambato

Bidhaa ni nyingi, lakini viambato vinavyojirudia ni vichache.

Kundi la kwanza ni vichangamsha ngozi: mentoli, kafuri na methili salisileti. Hivi ndivyo vinavyotoa ile harufu ya dawa ya kuchua. Mentoli huamsha kipokezi cha baridi kwenye neva, kiitwacho TRPM8, na ubongo ukapokea taarifa ya ubaridi ingawa ngozi haijapoa. Hisia hiyo mpya hushindana na ile ya maumivu. Kuchua kwenyewe kunachangia: mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jinsi mguso unavyoweza kuzuia taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo zisipande zote kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo nafuu unayoipata si ya kubuni, ila ni ya muda, na uvimbe uliopo ndani ya kiungo haujaguswa. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu krimu za salisileti hayakupata ushahidi wa kuziunga mkono kwa majeraha mapya, na kwa maumivu sugu ushahidi ulikuwa dhaifu.

Kundi la pili ni dawa za kupunguza uvimbe zisizo steroidi: diklofenaki, ibuprofeni, ketoprofeni. Hizi huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Ni dawa zilezile za vidonge, isipokuwa zinapitia kwenye ngozi. Ukipaka jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 kwenye goti moja kwa kipimo kamili, kiasi kinachofika kwenye damu ni takriban asilimia 6 ya kile ambacho kingetokana na vidonge. Ndiyo maana tumbo haliudhiwi sana kama kwa vidonge. Nchini Marekani jeli hii iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2020.

Kundi la tatu ni kapsaisini, kile kinachofanya pilipili iwashe. Huamsha kipokezi cha joto kiitwacho TRPV1. David Julius alikitambua kwa kutumia kapsaisini, na mwaka 2021 alishiriki Tuzo ya Nobel na Ardem Patapoutian. Ukipaka mara kwa mara, ncha za neva zinazobeba maumivu huchoka na kupunguza kazi. Siku za mwanzo ngozi itawaka, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa za kupaka mara 3 hadi 4 kwa siku. Anayepaka siku maumivu yakizidi tu atapata moto bila faida.

Lidokeini hutia ganzi neva za karibu na ngozi. Na vile vya mitishamba, kama mmea wa anika (arnica)? Ukikuta alama ya "30X", hiyo ni hesabu ya homeopathia: kitu kimezimuliwa mara kumi, na tena mara kumi, mara 30. Kwa hesabu hiyo ni vigumu kubaki na chochote cha kukutibu.

Hatua ya 3: Oanisha dawa na maumivu

Umeteguka kifundo au umevuta msuli siku hizi mbili? Chagua kundi la pili. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba jeli ya diklofenaki ya aina ya emuljeli iliwapa nafuu kubwa takriban watu 78 kati ya 100, ilhali waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa 20 kati ya 100. Ni nadra kuona tofauti ya namna hiyo katika dawa za maumivu.

Goti au vidole vinavyouma miaka kwa sababu kiungo kimelika? Bado ni kundi la pili, lakini punguza matarajio. Katika mapitio ya 2016, waliopata nafuu kubwa baada ya wiki 6 hadi 12 walikuwa 60 kati ya 100 kwa diklofenaki, na 50 kati ya 100 kwa jeli tupu. Zitazame vizuri namba hizo mbili. Nusu ya watu walipata nafuu bila dawa yoyote ndani ya jeli. Ndiyo sababu sitosheki na ushuhuda wa mtu mmoja kwamba "ilinisaidia". Kapsaisini ni chaguo jingine kwa goti, kwa mwenye subira.

Misuli imekaza baada ya kazi nzito na unataka kulala? Mentoli inatosha. Nyonga iko ndani mno kwa krimu kuifikia. Mgongo pia usiutegemee sana kwa dawa ya kupaka.

Hatua ya 4: Soma asilimia, kisha pima kiasi

Asilimia zinaweza kukuchanganya. Diklofenaki ya 1.16% iliyoandikwa kwa chumvi ya dietilamini ina nguvu sawa na ile ya 1% iliyoandikwa kwa chumvi ya sodiamu, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo 0.16. Ya 2.32% ina nguvu maradufu na hupakwa mara 2 kwa siku badala ya mara 4, jambo linalomfaa anayesahau. Lidokeini inayouzwa bila cheti nchini Marekani haizidi 4%. Kapsaisini ya kawaida ni 0.025% hadi 0.1%.

Kiasi ndicho kinachowaangusha wengi. Kipimo cha jeli ya diklofenaki ya 1% kwa goti au kifundo ni gramu 4, mara 4 kwa siku. Kwa mkono au kiwiko ni gramu 2. Goti moja basi linakula gramu 16 kwa siku, na tyubu ya gramu 100 inaisha ndani ya wiki. Aliyepaka kiasi cha punje ya harage kwa mwezi mzima akasema dawa haifanyi kazi hajaijaribu bado. Tumia kadi ya kupimia iliyo ndani ya boksi, na linganisha bei kwa gramu za kiambato hai, si kwa ukubwa wa tyubu.

Hatua ya 5: Jikague wewe mwenyewe

Hapa naomba usiruke mstari. Usipake dawa hizi kama una mzio wa aspirini au dawa za jamii yake, hasa kama zimewahi kukubana kifua. Ukitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, methili salisileti inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, amuulize kwanza daktari au mfamasia kabla ya kutumia kundi la pili. Ukipaka ketoprofeni, funika sehemu hiyo isipigwe na jua. Usichanganye jeli ya diklofenaki na vidonge vya kundi lilelile bila ushauri.

Usipake kwenye kidonda, usifunge bandeji ya kubana juu yake, wala usiweke chupa ya maji ya moto. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu watu walioungua ngozi, wengine baada ya kupaka mara moja tu. Visa vingi vikali vilitokana na bidhaa zenye mentoli zaidi ya 3%, peke yake au pamoja na methili salisileti zaidi ya 10%. Joto la kawaida sawa. Maumivu makali au malengelenge, osha mara moja.

Na watoto! Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya methili salisileti kina takriban gramu 7 za salisileti, sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini vya miligramu 325. Kinaweza kuua mtoto mdogo. Kafuri nayo ikimezwa huleta degedege. Fungia mbali.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa kuandika

Kabla ya kuanza, yape maumivu yako namba kati ya 0 na 10 wakati wa kufanya jambo mahususi, kwa mfano kupanda ngazi. Andika kila jioni, ukifanya jambo lilelile. Paka kipimo kamili, na usibadilishe mambo mengine mawili matatu kwa wakati mmoja, maana hutajua kilichosaidia ni kipi.

Jeraha jipya lipe siku 7, ukikumbuka kwamba mengi hupona yenyewe. Kiungo kilicholika kipe hadi siku 21. Kapsaisini wiki 4. Namba isiposhuka kwa pointi 2 au zaidi, acha. Kuongeza kiasi juu ya kipimo hakutabadilisha kitu.

Usisubiri hata siku moja kama kiungo kimevimba, kina joto na una homa, kama huwezi kukanyaga mguu, kama shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, au kama maumivu ya bega yanaambatana na kubanwa kifua. Hayo ni ya daktari, leo.