Umepata ofa huku unasubiri majibu ya kazi nyingine: hatua kwa hatua, someni hapa kabla ya kuniuliza

Habari zenu wana Arusha na Moshi. Naandika hili somo kwa sababu kila mwaka ikifika mwezi wa nne na wa tano napokea meseji zilezile, "dada nimepata kazi ila kuna sehemu nyingine nilifanya usaili bado hawajanijibu, nifanyeje", nimejibu mpaka nimechoka kiukweli. Na huo mwezi si bahati mbaya, masika ndo lodge ziko tupu na kampuni za utalii zinatafuta watu wa kuwafundisha mapema ili Juni wageni wakianza kumiminika kila mtu awe anajua kazi yake, kwaiyo unakuta mtu kafanya usaili sehemu tatu ndani ya wiki moja na majibu yanakuja kila moja na wakati wake. Mi niko uhasibu kwenye ofisi ya utalii hapa mjini mwaka wa tisa sasa, na bosi hunikalisha kwenye meza ya usaili, kwaiyo nimeona pande zote mbili.

Hatua ya 1. Wakipiga simu shukuru, usiseme ndiyo wala hapana, omba wakutumie kwa maandishi.

Hatua ya 2. Hakikisha ni ofa kweli. "Tumekupenda, subiri tutakuita" siyo ofa. Ofa ina cheo, mshahara, kituo cha kazi, tarehe ya kuanza na aina ya mkataba. Mambo haya mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi, iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 15, siyo hisani. Na ofa inayokudai hela ya fomu au ya sare kabla hujaanza, achana nayo, huo ni wizi.

Hatua ya 3. Omba muda SIKU HIYOHIYO, kwa maandishi, na utaje tarehe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo niliharibu.

Mwaka 2014 nilikuwa naishi Sakina kwa shangazi, nina miezi saba sina kazi. Ijumaa mchana nikapigiwa simu na kampuni moja ya safari kwamba nimepata, nianze Jumatatu ya wiki inayofuata baada ya hiyo. Na mimi nilikuwa nasubiri majibu ya shirika moja la Moshi ambalo mshahara wake ulikuwa karibu mara mbili. Badala ya kusema ukweli nikasema "sawa nitawajulisha" basi. Jumatatu wakapiga sikupokea, niliogopa, nikajiambia ngoja Moshi watajibu kesho. Jumanne wakapiga tena mara mbili, nikaiangalia simu inaita mpaka ikakata. Alhamisi nikajipa moyo nikapiga mwenyewe, dada wa pale akaniambia kwa upole tu, "mdogo wangu tulidhani huitaki, jana tumeshampa mwingine". Moshi walijibu baada ya wiki tatu, sikuchaguliwa. Msimu wote ule wa Juni mpaka Oktoba nikaukalia nyumbani, nakula ugali wa shangazi, na kila gari la wageni likipita barabarani roho inaniuma. Kampuni haikunionea hata kidogo. Wangenipa siku tano kama ningeomba, najua hilo sasa kwa sababu sisi wenyewe tunatoa.

Kwaiyo tuma kitu kama hiki, kama wao wanaandika Kiingereza we weka kwa Kiingereza:

"Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa na nimeifurahia. Naomba muda hadi Jumatano tarehe 14 saa 10 jioni nisome masharti vizuri na kumalizia jambo moja nililokuwa nimelianza, kisha nitawapa jibu la mwisho siku hiyo."

Angalieni haya:
- Usiandike "naomba muda kidogo". Kidogo ya nani? Weka siku na saa.
- Siku tatu mpaka tano za kazi watu wanakuelewa. Wiki mbili mwezi wa tano hupewi, wana wageni mlangoni. Mwezi wa kumi na moja unaweza kubahatika.
- Usidanganye kwamba una msiba. Arusha ni ndogo, na msiba haukopwi.
- Ukiahidi Jumatano saa 10, wajibu kabla ya saa 10 hata kama jibu ni hapana.
- Simu ikiita POKEA. Hata kama huna jibu, pokea useme bado niko ndani ya tarehe tuliyokubaliana.

Hatua ya 4. Siku hiyohiyo wapigie wale unaowasubiri. Watu wengi hawafanyi hivi wanaona aibu. Sema tu una ofa sehemu nyingine, unatakiwa kujibu tarehe fulani, ila kazi yao bado unaitaka, unaomba kujua umefikia wapi. Usitaje jina la kampuni nyingine wala usitishie. Wakisema "mchakato bado unaendelea" bila tarehe, chukulia hawana jibu la kukupa na uamue ukijua hivyo.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya hela inayoingia mkononi, siyo ile iliyoandikwa juu. Mfano mshahara 900,000: NSSF yako (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 90,000, inabaki 810,000 ya kukatwa kodi, na PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 80,500. Umebaki na 729,500. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo 135,000 inaondoka, umebaki na 594,500. Sasa linganisha: 900,000 ya Arusha umepanga Njiro, na 750,000 ya Moshi unalala kwenu Rau. Halafu uliza chakula, bima ya afya, usafiri, na kama ni lodge ya huko Karatu uliza unakaa kazini wiki ngapi kabla ya likizo na nauli ya kurudi mjini analipa nani.

Hatua ya 6. Tarehe ikifika amua kwa kilichopo mkononi. Usiombe kuongezewa muda mara ya pili.

Hatua ya 7. Ukikataa, piga simu kwanza halafu andika. Mistari mitatu inatosha.

Karibuni na maswali, ila someni kwanza.

MASWALI

Mdau wa Ngaramtoni: Dada nimepata ofa sehemu moja ila kuna nyingine nasubiri, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 4. Ziko hapo juu.

Mdau wa Ngaramtoni: Nimeona ni ndefu, nifupishie basi

Jibu: Hapana ndugu yangu. Hiyo ni kazi yako na dakika tano za kuisoma unazo.

Mdau wa Kijenge: Mi naona rahisi kusaini zote mbili afu itakayonipendeza ndo naenda, si hata wao wanaita watu kumi kwa nafasi moja?

Jibu: Kuita watu kumi kwenye usaili na kusaini mkataba ni vitu viwili tofauti, wale kumi hakuna aliyeahidiwa kazi. Ukishasaini una mkataba, kuuvunja kuna notisi, yaani taarifa ya mapema kabla ya kuondoka. Usifanye.

Mdau wa Kijenge: Unatufundisha kuwanyenyekea mabosi. Kampuni zenyewe hazijibu watu, unafanya usaili wanakaa kimya miezi.

Jibu: Sijasema wako sawa wakikaa kimya, wanakosea, na hapa ofisini nimelisema mpaka siku hizi tunawapigia hata waliokosa. Ila wewe ukikaa kimya anayeumia siyo bosi. Mimi niliumia mimi na shangazi yangu aliyekuwa ananilisha. Kwaiyo hapana, siyo kunyenyekea.

Mdau wa Bomang'ombe: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, shule binafsi ya Moshi imenipa mkataba wa miaka miwili, ila nilifanya usaili wa serikali kupitia Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi za serikali), wa kuandika na wa mahojiano, jina bado halijatoka. Nikiingia shule hii halafu serikali wakanipangia kituo si nitaonekana msaliti? Na kama sikuingia na wasiponipangia?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri na umeeleza vizuri. Kwa serikali usisubiri ukiwa mkono mtupu. Unaweza kufaulu usaili na nafasi zikawa zimejaa, wakakuweka kwenye kanzidata (orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi), ukaitwa baadaye sana au usiitwe. Hiyo siyo tarehe ya kupangia maisha. Ingia shuleni, ila kabla ya kusaini soma kipengele cha kuvunja mkataba, mkataba wa muda maalum unaweza kukubana kuliko usio na kikomo. Waombe waandike wazi kwamba upande wowote unaweza kutoka kwa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inasema notisi isipungue siku 28, na kama ni ndani ya mwezi wa kwanza siku 7. Notisi iwe ya maandishi. Ukipangiwa kituo, barua ina siku ya kuripoti na inaweza kuwa karibu kuliko siku 28, kwaiyo siku hiyohiyo nenda kwa mkuu wa shule na barua mkononi mzungumze, wengine wanakuachia mapema, wengine watataka ulipe badala ya notisi, hivyo weka akiba ya mshahara mmoja pembeni kuanzia mwanzo. Na ikiwezekana usiwaache wanafunzi wa darasa la mtihani katikati bila kukabidhi, andika umefika mada gani, mwalimu atakayekuja atakushukuru. Huyo siyo msaliti.

Mdau wa Bomang'ombe: Asante sana dada, hilo la kipengele sikulijua kabisa, kesho naenda kuwauliza.

Mdau wa Kaloleni: Vipi nikiwaambia wale wa pili kwamba nimepewa milioni moja na laki mbili wakati ni laki nane, si watapandisha?

Jibu: Wakikuomba barua ya ofa utaonyesha nini? Sema unachotaka kulipwa na kwa nini. Usitaje namba ya uongo.

Mdau wa Usa River: Mi nimeshaharibu, nilikubali kwa WhatsApp juzi na leo ile nyingine imejibu, ni bora zaidi, sijasaini bado. Usingizi sina.

Jibu: Pole. Piga simu leo, siyo kesho, usijifiche kwenye meseji. Sema ulikubali kwa nia njema, limetokea lingine na unaomba radhi kwa kuwarudisha nyuma. Wataudhika na wana haki. Ila wakijua leo bado wanaweza kumpigia yule aliyekuwa wa pili kwenye orodha yao, wakijua siku ya kuanza kazi umewaumiza kweli na huyo wa pili pia. Nijulishe imeendaje.

Mdau wa Usa River: Nimepiga. Alinyamaza kidogo akasema angalau umesema mapema. Nimelia kidogo ila nimepumua.

Jibu: Umefanya vizuri mdogo wangu.

Mdau wa Marangu: Naongezea kwa sisi wa mlimani. Mi ni guide wa wageni Kilimanjaro, nikipanda kwa njia ya Lemosho ni siku saba nane, na mtandao huko juu ni wa kubahatisha na chaji ya simu inaisha. Mwaka jana nilishuka geti la Mweka nikakuta nimepigiwa mara sita na kampuni iliyotaka kuniajiri moja kwa moja. Sasa hivi kwenye CV nimeweka namba ya mke wangu kama namba ya pili.

Jibu: Hii sikuiwaza na ni ya maana sana, asante kaka. Naongezea: mwachie huyo mtu wa namba ya pili karatasi, kampuni gani uliomba, kazi gani, na unashuka lini, ili aseme "yuko mlimani anashuka tarehe 9, atawapigia tarehe 10 asubuhi". Mwingine anapokea anasema tu hayupo.

Mdau wa Pasua: Na wapagazi tusio na CV je?

Jibu: Mwachie namba mbili yule anayepanga watu wa safari pale ofisini, aandike kwenye daftari lake jina lako, njia unazozijua na lini unashuka. Ukishuka, kabla hujaenda kuoga, mpigie.

Mdau wa Marangu: Na akiandika hakikisha namba kaiandika sawa, mwambie akubipu hapohapo.