Namna ya kumtumia dalali wa hisa Dar es Salaam

Mtu binafsi hanunui hisa moja kwa moja katika Soko la Hisa la Dar es Salaam; hata anayetumia programu ya simu, agizo lake hupitia kwa dalali mwenye leseni. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni hisa ya kampuni gani inafaa, jua kwanza nani atashika agizo lako, nani atapokea fedha zako na nani atatunza kumbukumbu ya umiliki wako.

Anza na leseni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ndiyo inayowaidhinisha madalali, washauri wa uwekezaji na mameneja wa mifuko ya uwekezaji. Hakiki jina la kampuni ya dalali na aina ya leseni, kwani aliyeidhinishwa kutoa ushauri tu haruhusiwi kununua na kuuza hisa kwa niaba yako.

Dalali atakujazisha fomu, atachukua nakala ya kitambulisho chako na namba ya akaunti yako ya benki, kisha atakufungulia akaunti katika hifadhi kuu ya dhamana, yaani daftari la pamoja la wenye hisa na hati fungani. Wengi hutia saini hapa bila kusoma, ilhali kinga kubwa ya mwekezaji iko katika hatua hii. Umiliki wa hisa huandikwa kielektroniki katika hifadhi hiyo kwa jina lako, si kwa jina la dalali. Hata ofisi yake ikifungwa, hisa zako hubaki zilipo, nawe unaweza kuhamia kwa dalali mwingine. Fedha zilizo njiani hazina kinga ya namna hiyo. Zilipe katika akaunti ya benki ya wateja yenye jina la kampuni ya dalali, kamwe si kwenye namba ya simu ya ofisa wake, hata kama mnaimba kwaya moja.

Agizo litoe kwa maandishi, ukitaja kampuni, idadi ya hisa, bei ambayo hutaki ipitwe na siku ya mwisho ya agizo hilo. Wajibu wa dalali ni kuliingiza katika mfumo wa soko bila kulichelewesha, kukutafutia bei nzuri iliyopo na, ikiwa kampuni yake nayo hununua kwa fedha zake yenyewe, kutanguliza agizo la mteja. Kukuhakikishia faida si kazi yake, na anayekuahidi faida ni wa kuepukwa. Wala hawezi kukuzulia mnunuzi: soko letu ni dogo, na hisa za baadhi ya kampuni huweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, kwa hiyo karo ya Januari isiwekwe huko.

Biashara ikikamilika, dai hati inayoonyesha tarehe, bei, idadi, kamisheni na tozo nyingine, kisha ilinganishe na taarifa ya hifadhi. Kumbuka kwamba dalali hulipwa unaponunua na unapouza, upate faida au hasara. Akikushauri kila mara uuze hiki ununue kile, muulize waziwazi ushauri huo unamwingizia kiasi gani. Dalali mwaminifu hatachukia.

Kwa hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji, mnada huendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania, na dalali au benki hukupelekea zabuni. Katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile inayosimamiwa na kampuni ya UTT AMIS, fedha za watu wengi huwekwa pamoja na meneja huamua nini kinunuliwe, lakini mali ya mfuko hushikwa na mtunza dhamana, ambaye kwa kawaida ni benki, ili anayeamua asiwe ndiye anayeshika.

Ukiwa na lalamiko, iandikie kwanza kampuni ya dalali, na lisipotatuliwa lipeleke kwa Mamlaka pamoja na nakala ya agizo, stakabadhi ya benki na hati ya biashara. Agizo lililotolewa kwa mdomo tu ni gumu kulithibitisha.