SOMO: Jinsi ya kupanda msonobari mweupe, mti wa jimbo letu la Maine hapa Marekani, na ukakua

Habari zenu wakuu. Kila ukifika mwezi wa nne, wa tano hivi, napigiwa simu na watu wa Portland na Lewiston waliopata nyumba yenye uwanja, wanataka kupanda mti, na wengi wanautaka huu huu ulioko kwenye nembo ya jimbo. Nimeona niandike yote hapa. Mi nimekulia Mufindi, Tanzania, paini nimeziona tangu natembea kwenda shule, nikadhani huku sitahitaji kuuliza mtu, kumbe zile za shamba la miti la Sao Hill kule kwetu ni Pinus patula, asili yake Meksiko, na huu wa huku ni Pinus strobus, mti wa hapa hapa wenye tabia zake. Wa kwanza ulinifia. Waliofuata wawili wapo, mmoja umeshanipita urefu.

Kwanza ujue unachopanda. Maine waliutangaza rasmi kuwa mti wa jimbo mwaka 1945, lakini tangu 1895 koni yake ya mbegu na kishada cha sindano zake, yaani majani yake membamba, ndo ua la jimbo, ingawa msonobari hautoi ua la kweli. Na kabla ya hapo mti huu uligombaniwa sana. Hati ya Massachusetts ya 1691, na Maine ilikuwa ndani ya Massachusetts mpaka 1820, ilisema msonobari wenye kipenyo cha inchi 24 kwenda juu ulioko kwenye ardhi isiyo ya mtu ni mali ya mfalme wa Uingereza, ukiukata bila kibali faini pauni 100 kwa mti mmoja. Mfalme alikuwa anataka milingoti ya meli za kivita. Watu wake walipita msituni na shoka wanauchonga alama ya mshale. Nyie wa pwani mnaojua mlingoti ni nini, fikirieni mti mmoja ulionyooka unatoa mlingoti mzima wa manowari.

Kuutambua ni rahisi, vuta kishada kimoja uhesabu sindano. Ziko 5, laini, ukizishika hazichomi. Herufi za MAINE nazo ni 5, mi ndo nilivyokariri. Zikiwa 2 au 3 huo ni msonobari mwingine.

Hatua ya 1, mahali. Huu mti unafika mita 25, 30, na zaidi, kwa hiyo usiupande chini ya nyaya za umeme wala karibu na ukuta, acha kama mita 10 toka kwenye nyumba. Na usiupande kando ya barabara. Wa kwanza wangu ulikufa hivyo, niliuweka mbele kabisa ili wapita njia wauone, winta gari zinazomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani zikapita, ilipofika machi upande wa barabarani wote umekuwa kahawia. Hauvumilii chumvi kabisa. Pia hautaki sehemu maji yanapotuama.

Hatua ya 2, mche. Chukua mdogo, usishawishike na mkubwa, mdogo unashika haraka. Kama ni ule unaouzwa mizizi wazi bila udongo, ufunge na gunia bichi mpaka dakika ya kupanda, mizizi ikipigwa na jua na upepo hata muda mfupi imekwisha.

Hatua ya 3, shimo. Upana mara mbili au tatu ya mizizi, kina sawa na mizizi tu, basi. Watu wanachimba kisima alafu wanafukia shina. Pale shina linapoanza kutanuka kuelekea mizizi panatakiwa paonekane juu ya udongo. Toa gunia na waya wote kama mche ulifungwa navyo, rudisha udongo ule ule uliotoka, usiweke mbolea mwaka wa kwanza.

Hatua ya 4, maji kila wiki kiangazi chote cha kwanza, ya kuzama chini sio ya kunyunyiza. Matandazo ya magome inchi 2 au 3, yasiguse shina.

Hatua ya 5, ncha, hapa naomba msome taratibu mana ndo wengi wanapopoteza mti. Msonobari mweupe unapanda kwa ncha moja ya juu, na kila mwaka unatoa pete moja ya matawi kuzunguka shina, ndo mana ukihesabu pete unakadiria umri. Sasa kuna kifukuzi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu kama mkonga, mwanzo wa spring anatoka kwenye majani makavu chini anapanda moja kwa moja mpaka kwenye ncha ya mwaka jana anataga mayai, funza wanatoboa kushuka chini ya gome, na ikifika mwezi wa sita ncha mpya inanyauka inapinda kama mpini wa bakora. Ukiona hivyo kata kushuka chini mpaka ufike kwenye mti msafi usio na funza, hicho kipande kichome au kitie kwenye mfuko ufunge, usikiache chini. Fanya kabla ya katikati ya mwezi wa saba, baada ya hapo wadudu wapya wanatoka. Alafu kwenye pete iliyobaki juu chagua tawi moja lenye nguvu, mengine yapunguze nusu, hilo moja litajinyoosha lenyewe liwe ncha. Ukiacha tu, matawi mawili matatu yanagombania juu na mti unabaki na mapanda maisha yake yote. Kifukuzi anapenda miti inayokaa jua kali, kwa hiyo kivuli kidogo utotoni sio mbaya.

Na kuna ugonjwa wa kutu unaoua msonobari huu: kuvu wake anaishi nusu ya maisha kwenye vichaka vya blakikaranti na ndugu zake, ndo mana blakikaranti ni marufuku kupanda Maine nzima. Usilete mche wake toka jimbo lingine.

MASWALI

Swali (dada wa Portland): Kaka shikamoo, wangu mwezi wa kumi sindano za ndani zimekuwa njano zinadondoka, ndo unakufa?
Jibu: Marahaba dada. Hapana. Sindano za zamani zinadondoka kila vuli, hata kama mti ni wa kijani mwaka mzima. Angalia za mwisho wa matawi, kama ni kijani lala usingizi.

Swali (Lewiston): Jambo yaya, siye tuko mu apartima, hatuna parsele. Naweza kuupanda mu pot?
Jibu: Mwaka mmoja unaweza mdogo wangu, ila winta mizizi inaganda kwenye chungu, zika chungu chote ardhini mahali. Bora muombe ruhusa kanisani kwenu, mle nyuma kuna nafasi.

Swali: Chai ya sindano zake ni kweli?
Jibu: Kweli, ina vitamini C, na wenyeji wa asili wa huku wameutumia mti huu kama dawa tangu zamani. Ila hesabu sindano 5 kwanza! Kuna kichaka cha ua wa nyumba, Taxus, sindano bapa moja moja na vitunda vyekundu, hicho ni sumu ya kuua. Mwenye mimba asinywe.

Swali: Nataka kupeleka mbegu Njombe likizo.
Jibu: Usibebe kwenye begi mkuu, mbegu zinataka kibali cha afya ya mimea. Na huko patula inakua haraka kuliko huu.

Swali: Kaka nimetoka nje sasa hivi, ncha imepinda kama ulivyosema, ni tarehe 2 mwezi wa saba. Nisubiri mume wangu arudi Jumamosi?
Jibu: Usisubiri dada, kata leo. Anza chini ya palipopinda, chana gome uangalie funza, ukiwaona shuka tena.