Tableti ya zamani na skrini ya nje: ipime kwanza kabla hujatoa hela

Wadau, juzi binti wa jirani yetu alikuja na iPad aliyopewa na mjomba wake, anataka aichomeke kwenye monita apigie kazi zake za chuo kama kompyuta, madirisha matatu manne yamefunguka kwa pamoja, Word huku PDF kule. Akaniuliza, "Kaka, hii itaweza au nimwambie tu mjomba anitafutie nyingine?" Nikamwambia tulia kwanza, mjomba usimsumbue, tuiangalie. Naandika hapa tulivyoiangalia maana naona watu wengi wanauza tableti nzima kabisa wakidhani zimepitwa, na wengine wananunua zilizotumika kwa maneno ya muuzaji halafu wakifika nyumbani haifanyi kile walichoambiwa.

Cha kwanza kabisa, tenganisha vitu viwili. Kufungua apu nyingi kwa wakati mmoja kwenye tableti yenyewe ni jambo moja. Kuitumia monita kama skrini ya pili, yaani monita ina vitu vyake na tableti ina vyake, hilo ni jambo lingine kabisa na lina masharti magumu zaidi. Muuzaji akikuambia "inakubali tivii" anaweza akawa anasema kweli kabisa, lakini anachomaanisha ni kwamba tivii itaonyesha kilekile kilichopo kwenye tableti, ukigusa hapa na kule kinagusika hivyohivyo. Kwa mtu anayetaka kuangalia mpira inatosha. Kwa anayetaka kufanya kazi haitoshi.

Sasa ishike tableti mkononi. Usiangalie umbo, iPad nyingi zinafanana, ya 2020 na ya 2022 ukiziweka mezani unaweza usizitofautishe. Ingia Settings, General, About, tafuta mstari wa Model Number, utaona namba yenye herufi nyingi na alama ya mkwaju katikati, iguse mara moja inabadilika inakuwa namba fupi inayoanza na A. Hiyo ndiyo ya kuitafuta mtandaoni. Ya yule binti ilikuwa A2316, ambayo ni iPad Air ya kizazi cha 4, ya mwaka 2020, chipu (ubongo wa tableti) A14, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshikilia apu zilizofunguliwa) GB 4. Yangu mimi ni A1980, iPad Pro ya inchi 11 ya 2018, chipu A12X, nayo RAM GB 4. Kama unanunua kwa mtu, mwombe akupigie picha ya ukurasa huo wa About kabla hujapanda gari kumfuata, na akikataa mwache.

Ukishajua chipu, mengi yanajibika hapohapo.

Kwenye madirisha, habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2022 Apple walipotangaza Stage Manager, ule mfumo wa madirisha yanayopandiana, walisema ni kwa iPad zenye chipu ya M1 tu, watu wenye Pro za bei mbaya za 2018 na 2020 wakalalamika sana, na mwezi wa tisa mwaka huohuo Apple wakalegeza, Pro hizo zikaruhusiwa. Ila zikaruhusiwa kwenye skrini yake yenyewe tu, monita ya nje hapana. Halafu 2025 ikaja iPadOS 26, yaani toleo la mfumo unaoendesha iPad, na madirisha ya aina mpya kabisa, yenye vile vidude vitatu vya nyekundu njano na kijani pembeni juu, na haya yanakubali kwenye kila iPad inayopokea toleo hilo, kuanzia chipu A12. Kwa hiyo iPad ya kawaida ya kizazi cha 8, mini ya kizazi cha 5, Air ya kizazi cha 3, zote zimo. Kizazi cha 7 chenye A10 kimeishia iPadOS 18, hicho kitabaki na Split View ya zamani, skrini unaigawa mbili, na kwa kusoma na kuandika kwa kweli siyo haba.

Kuyawasha ni Settings, kisha Multitasking & Gestures, unachagua Windowed Apps. Ukifungua apu, vuta ile kona ya chini kulia uipunguze, fungua nyingine, na ukitaka zikae sawasawa nusu kwa nusu shikilia kile kidude cha kijani itakuletea michoro ya mpangilio, gusa unaoutaka.

Lakini kuna jambo la kujua kabla hujabonyeza kuapdeti. Ukishapanda iPadOS 26 usitegemee kurudi nyuma, maana Apple wakifunga toleo la zamani basi limefungwa. Na toleo hili lilipotoka liliondoa Split View na Slide Over (apu ndogo inayoelea juu ya nyingine) tulizozizoea, ila Slide Over ikarudishwa kwenye 26.1. Kama tableti ni ya kazi na mikono yako imeshazoea ile ya zamani, subiri siku ambayo huna haraka ya kitu ndo uapdeti, wala usifanye usiku wa kuamkia kukabidhi kazi.

Halafu RAM. Hapa ndo tableti ya zamani inapojionyesha, naomba usome vizuri. Mimi natunga mitihani ya tuisheni, naweka PDF ya mtihani wa zamani kushoto, Word kulia, hapo iPad yangu ya 2018 inaenda vizuri kabisa, hata saa mbili. Nikiongeza brauza yenye kurasa kadhaa na nikapokea simu ya video, nikirudi kwenye brauza ukurasa unakuwa mweupe sekunde moja halafu unajipakia upya, na kama nilikuwa nimejaza fomu nusu basi imefutika yote. Siyo kwamba imeharibika. GB 4 zimejaa, mfumo umeitoa ile apu ya nyuma ili ya mbele ipate nafasi, na ukirudi inaanza mwanzo. iPad za M1 zina GB 8 au zaidi, na zilipewa pia uwezo wa kuazima sehemu ya hifadhi itumike kama RAM, ingawa Air ya M1 yenye GB 64 haikupewa hilo. Kwa hiyo kwenye ya zamani jizoeze kufungua apu mbili, kwa kubanabana tatu, na kazi ya kujaza fomu ifanye peke yake mpaka uitume.

Tuje kwenye monita sasa. Kwa iPad sheria ni moja: monita kuwa skrini ya pili ya kweli inahitaji chipu ya familia ya M, yaani M1 na zilizofuata. Maana yake iPad Air kuanzia kizazi cha 5 ya 2022, na iPad Pro kuanzia zile za 2021. Hata iPadOS 26 iliyofungulia madirisha kwa wote haikubadilisha hilo. Na hata ukiwa na M1 utahitaji kiibodi na mausi, bila hivyo utaishia kuona picha ileile pande zote mbili.

Air ya yule binti ni A14, kwa hiyo jibu la skrini ya pili lilikuwa hapana, na nilimwambia moja kwa moja. Ila kuonyesha inaonyesha, kwa sababu ina tundu la Type-C, na inatoa picha mpaka 4K (ukali wa juu) ya hetsi 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Tulipoichomeka kwenye monita ikaleta picha safi, ila kushoto na kulia kukabaki mistari miwili minene myeusi, maana iPad ina umbo karibu na mraba na monita ni ndefu. Hiyo mistari haina setingi ya kuiondoa, usipoteze muda kuitafuta.

Na kebo! Hapa niliumia mimi mwenyewe. Nilinunua kebo ya Type-C kwa Type-C dukani, ndefu nzuri, muuzaji akaniambia inapitisha kila kitu, nikachomeka kwenye monita, chaji inaingia, picha hakuna. Nilikaa jioni nzima naizima na kuiwasha iPad nikijua tundu limekufa. Kumbe kebo nyingi za Type-C ni za chaji na mafaili tu, hata ile inayokuja ndani ya boksi la iPad haipitishi picha. Ukinunua, soma kama imeandikwa inabeba video au 4K, au chukua adapta ya Type-C kwenda HDMI, hiyo ni rahisi kuipata na unaijaribu hapohapo dukani kwenye tivii yao. Chukua yenye tundu la pili la kuchajia, maana vinginevyo betri ya tableti ya miaka sita itakuacha katikati ya kazi. Zenye tundu la zamani la Lightning, kama iPad ya kizazi cha 9, zinahitaji adapta yake ya HDMI, picha inafika ila haivuki 1080p, ukali ulio chini ya 4K.

Ambao chipu imewakatalia, kuna njia moja nzuri ambayo haisemwi sana. Zipo apu zinazojua kutumia skrini ya nje zenyewe hata kwenye iPad isiyo na M. Keynote na PowerPoint zinapeleka slaidi kwenye tivii huku wewe mkononi unaona noti zako, na apu nyingi za video zinajaza tivii nzima bila ile mistari myeusi. Kwa mwalimu, mchungaji, au mwanafunzi anayewasilisha kazi mbele ya darasa, hilo ndilo alilokuwa anahitaji.

Kwa wenye Samsung nisiwaache, ila nitapita haraka. Jina la kutafuta ni DeX, mfumo wa Samsung wa kuitumia tableti kama kompyuta. Tableti ya kwanza kuwa nayo ni Tab S4 ya 2018, na familia ya Tab S kubwa, S6, S7, S8 na kuendelea, zinatoa picha kwa kebo na monita inakuwa na meza yake kama kompyuta, yaani hapo Samsung ya 2018 inafanya kile ambacho iPad ya 2018 imenyimwa. Tahadhari ni Tab S6 Lite, jina linafanana na S6 lakini tundu lake halitoi picha hata uweke adapta ya dhahabu, hiyo unarusha kwa Wi-Fi tu na inachelewachelewa. Kugawa skrini mara mbili kupo kwenye Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016, kwa hiyo karibu kila moja inaweza.

Kama baada ya yote haya kazi yako inadai skrini ya pili ya kweli, basi tafuta iliyotumika yenye namba A2588, ambayo ni Air ya M1, au A2377, Pro ya inchi 11 ya 2021, zote hizo ni za Wi-Fi, na nenda na adapta yako mfukoni uichomeke mbele ya muuzaji kabla hujahesabu hela.

Yule binti yeye tulimwekea Windowed Apps, Word kulia na PDF kushoto, kiibodi ya bluetuthi ya kawaida, na monita akaiacha kwetu. Mjomba hakupigiwa simu.